Kadi Iliyokwenda Altareni

Scholastika alikuwa katibu wa parokia moja ya Karatu kwa miaka thelathini na moja, na katika miaka yote hiyo alimwozesha mtu kimakosa mara moja tu. Mara hiyo moja ilitosha.

Aliyeozeshwa alikuwa Moloimet, kijana wa Olbalbal aliyebatizwa zamani akiwa bado mtoto wa shule. Baada ya Pasaka alikuja ofisini kuchukua cheti cha ubatizo ili akafunge ndoa ukweni. Scholastika akamtolea kwenye kompyuta, akagonga mhuri, kijana akaondoka na furaha zake. Wiki mbili baadaye huyo akarudi, shuka begani, fimbo mkononi, akasimama mlangoni.

"Tumsifu Yesu Kristo, Mama."

"Milele amina, mwanangu. Vipi, umeshaoa?"

"Hilo ndilo nimekuja kukuuliza wewe. Karatasi yako inasema nina mke tangu mwaka juzi. Naomba unionyeshe alipo nikamchukue, maana ng'ombe ni wengi na nachunga peke yangu."

Scholastika alicheka kwanza, kisha akafungua kitabu, na kicheko kikamkauka. Kwenye kitabu cha ubatizo, mtu akioa, ndoa yake huandikwa pembeni ya jina lake. Chini ya Moloimet alikuwa Olais, na Olais ndiye aliyeoa. Siku ya kuingiza ukurasa huo kwenye kompyuta, Scholastika alikuwa ameteleza mstari mmoja, akamvua Olais mke wake na kumvika Moloimet. Padre wa ukweni alikuwa amekisoma cheti mbele ya wazee, na beberu ameshachinjwa. Harusi ikaahirishwa. Moloimet hakugomba, na hilo ndilo lililomuuma Scholastika kuliko kama angegombezwa. Akaandika cheti kingine.

Kosa lilikuwa la miwani, na asiyevaa miwani asimhukumu. Scholastika alikuwa na jozi mbili: moja ya kusomea kitabu mezani, nyingine ya kutazamia kompyuta, maana ile ya kitabu ikitazama kompyuta kila kitu kinakuwa uji. Basi siku nzima kazi ilikuwa vua hii, vaa ile. Akisoma jina, anavua. Akiandika, anavaa. Akirudi kitabuni, mstari umehama. Kweli vijana wa jimbo walikwisha kupiga picha kurasa zote na kuziweka ndani ya mashine, lakini kioo cha kompyuta kilikuwa kimoja, tena kidogo. Akifungua picha ya ukurasa, fomu ya kujaza inajificha. Akiita fomu, picha inakimbia. Aliona heri kitabu chake.

Padre Vedasto, paroko, alikuwa mtu mpole, na kwa umri angeweza kuwa mdogo wa mwisho wa Scholastika. Alimwita akamkaribisha chai.

"Mama Scholastika, jimbo linataka vitabu vyote viwe ndani ya kompyuta ifikapo sikukuu ya Kristo Mfalme, mwishoni mwa Novemba. Kazi imekuwa nzito, naona. Tukishindwa tutavipeleka Arusha, kuna ofisi ya vijana wanaochapa haraka sana. Nawe upumzike."

Upumzike! Neno zuri, lakini lilimwingia kama mwiba. Si kwamba aliogopa kukaa nyumbani. Kwake Qurus alikuwa na shamba la mbaazi na ng'ombe wawili wa maziwa, kazi haikosekani. Alichoogopa ni hao vijana wenye haraka. Watajua nini kuhusu mwandiko wa mapadre wa kale? Jina lisilosomeka wataliruka, na nani atawaambia? Scholastika alikuwa akiona nusu ya jina anajua ni la ukoo gani, na bibi wa huyo mtu aliuza maziwa wapi. Na yeye mwenyewe alikuwa na watu wake mle. Binti yake yuko Dodoma, mwalimu, yupo kila mahali, kitabuni na kwenye simu. Lakini mtoto wake wa kwanza, Raphaeli, yumo kitabuni tu. Aliishi siku tisa, akabatizwa na nesi wodini, na hana picha wala jiwe kaburini. Mstari mmoja wa wino wa bluu, basi.

"Baba Paroko," akasema, "nipe mpaka hiyo Kristo Mfalme. Nikishindwa, vipeleke."

Suluhisho aliliona kwa Penina, binti wa mdogo wake, anayefanya kazi ofisi ya kambi moja ya watalii njia ya kwenda geti la Ngorongoro. Alikwenda kumsalimia, akamkuta amekaa mbele ya vioo viwili vilivyosimama bega kwa bega. Kushoto barua za wageni, kulia orodha ya vyumba. Penina anasoma huku, anaandika kule, shingo haigeuki hata nusu.

"Mama mkubwa, mbona umesimama kama umeona simba?"

"Nimeona zaidi ya simba," akasema Scholastika. Vioo viwili, umbali mmoja, miwani moja! Alirudi Karatu moyo unamruka.

Kesho yake alifunga sanduku la mashine ya parokia kwa khanga, akapanda nalo bajaji hadi dukani kwa Eliapenda. Eliapenda alitoka Machame miaka mingi iliyopita, akauza simu, kisha kompyuta za mtumba, ambazo huzifunika mashuka ya kitanda kutwa kucha kwa sababu ya lile vumbi letu jekundu. Ni Mlutheri wa kutupwa, mcheshi, na hadanganyi mteja, jambo ambalo madukani si la kawaida.

"Dada, nataka mashine yangu ionyeshe vioo viwili. Wameniambia kuna kadi ya picha inayotiwa ndani."

Eliapenda akaigeuza mashine. "Mama, umewahi kuchungulia nyuma ya mashine yako?"

"Nichungulie nini? Nyuma kuna vumbi tu."

Eliapenda akachukua brashi ya rangi, akapangusa. Vumbi likatoka kama pilipili ya kusaga. "Haya, tazama. Tundu hili la bluu ndilo linalolisha kioo chako. Na hili dogo pembeni, unaliona? Limelala tangu mashine itoke kiwandani. Mashine yako inabeba vioo viwili bila kadi yoyote. Kadi kubwa ni za wanaocheza magemu na wanaokatakata video za harusi. Wewe unaandika majina ya watu."

"Kwa hiyo sihitaji kadi?"

"Unahitaji kioo kimoja na waya mmoja. Kioo kilingane na hicho ulicho nacho, shingo isipande na kushuka. Waya uwe huu, ncha hii iingie kwenye mashine, ncha hii kwenye kioo, maana matundu hayafanani. Na mtu akikulazimisha kadi, mwambie iwe fupi na nyembamba. Kasha lako ni jembamba, kadi ndefu haiingii. Hata umeme wa ndani ni mdogo, hauwezi kulisha lidude."

Scholastika akaandika yote kwa mwandiko wake ule wa kitabuni: kioo kimoja, waya mmoja, kadi hapana. Akakunja karatasi akaitia ndani ya misale, kitabu chake cha Misa. Alijiona ameshamaliza kazi, maskini.

Kilichobaki kilikuwa halmashauri ya walei, baraza la waumini, na halmashauri ilikuwa Mzee Remigius. Wengine walikuwapo, lakini sauti ilikuwa yake. Mkulima wa ngano na maharage, mwenyekiti kwa miaka kumi, mtu aliyeipenda parokia kuliko trekta lake, na trekta lake alilipenda. Alikwisha kupita jumuiya zote kumi na nne za parokia kutangaza mchango wa kompyuta ya kisasa. Mavuno yalikuwa mazuri mwaka ule, watu wakatoa kwa moyo.

Aliposomewa ile karatasi alivua kofia.

"Waya?" akauliza. "Scholastika, jumuiya kumi na nne zimechanga, halafu twende altareni tumebeba waya?"

Hapo ndipo penye mambo yetu. Kitu kikinunuliwa kwa mchango hapa, hakiendi ofisini kimyakimya. Siku ya Jumapili kinatolewa ndani ya boksi, kinapelekwa altareni pamoja na matoleo, kinainuliwa juu, kanisa zima lione mkono wake umefanya nini. Cherehani ya akina mama ilikwenda hivyo. Kinanda cha kwaya kilikwenda hivyo. Hata tanki la maji lilikwenda, wanaume wakilisukuma kama pipa, likakwama mlangoni, Misa ikasubiri.

"Kuna na kioo, Mzee," Scholastika akajitahidi.

"Cha mtumba! Kitakuwa na mikwaruzo! Watu watasema tumekula." Kisha akamgeukia kwa sauti ya chini, ya upole kabisa. "Wewe tuachie sisi. Tutakununulia kitu ambacho hata askofu akija atasimama kukitazama."

Scholastika angeweza kusimama akasema hapana. Karatasi ilikuwa mkononi. Lakini hakuwa mtu wa kusema kikaoni. Miaka thelathini na moja aliandika maneno ya wengine kwenye muhtasari, lake hata moja halimo. Akaikunja karatasi, akajichukia njia nzima ya kwenda nyumbani.

Mzee Remigius alikwenda Arusha mwenyewe, akarudi na kadi. Jamani, ilikuwa kadi! Ndefu kama mkate wa familia, nzito, ina feni tatu na kingo zinazong'aa. Mchango wote uliishia humo. Kioo hakikununuliwa, waya haukununuliwa, maana aliyeuza alimhakikishia kwamba kwa kadi ile vioo vinne vingetii, na Mzee alisikia vinne akasahau kwamba hana cha pili.

Jumapili ile ya Septemba ilikuwa sherehe. Kadi ilitandikiwa kitambaa cha kufuma juu ya ungo, ikafuata nyuma ya mahindi, asali na kuku, imebebwa na Mzee Remigius mwenyewe ndani ya suti yake ya kahawia. Kwaya iliimba, akina mama wakapiga vigelegele. Bibi mmoja aliyekaa karibu na Scholastika aliuliza, "Ndiyo kompyuta yenyewe hiyo?" Paroko akaiinua juu, akaibariki, kisha akatumbukiza kinyunyizio kwenye maji ya baraka. Scholastika akafumba macho. Alipofumbua, feni moja ilikuwa inameta matone.

Jumatatu Eliapenda aliitwa. Akaifuta kadi kwa kitambaa, akaikausha juani, akafungua kasha la mashine, akaiweka juu yake bila hata kujaribu kuiingiza. Ilizidi kwa shibiri nzima.

"Wazee wangu," akasema, "hii haiingii hata mkisali novena. Irudisheni Arusha mkabadilishe."

Padre Vedasto akamtazama Mzee Remigius. Mzee alikuwa akiitazama sakafu.

"Kilichotolewa altareni hakirudi dukani," akasema taratibu.

Hakuna aliyembishia. Kadi ikafungiwa kwenye kabati la sakristia, pamoja na kanzu za Kwaresima. Watu walipouliza kompyuta inaendeleaje, waliambiwa vizuri. Na Scholastika akarudi kwenye miwani yake miwili. Oktoba ikaingia. Akahesabu kurasa, akahesabu siku, akaona hazipatani hata kidogo. Mara mbili alimkuta Paroko ofisini anapima vitabu kwa macho, kama mtu anayefikiria maboksi ya kuvisafirishia. Usiku halali, mchana anateleza mistari. Alisikia uchungu, na aliona aibu kusikia uchungu kwa ajili ya vitabu.

Kilichomwokoa kilikuwa jogoo.

Kila Jumapili baada ya Misa, matoleo ya vitu hunadiwa pale nje ya kanisa. Katekista hushika mayai, ndizi, debe la mbaazi, hupandisha bei kwa mizaha mpaka mtu achoke. Jumapili hiyo alikuwa ameinua jogoo mwekundu, anasifu mapaja yake. Scholastika alikuwa akipita na pochi yake, akasimama ghafla. Jogoo huyo si alikuwa altareni sasa hivi? Si amebarikiwa? Mbona anauzwa, na jioni ataliwa, na hakuna anayeona dhambi?

Alimkuta Paroko anavua kanzu. "Baba Paroko, kuku naye hubarikiwa?"

"Hubarikiwa, Mama."

"Na hunadiwa?"

Padre Vedasto akacheka mpaka akashika meza. "Lakini Mzee Remigius," akasema alipopata pumzi, "atakubali?"

"Nitakwenda mimi."

Ndiyo, yeye. Alimkuta Mzee kwake anapepeta maharage, jambo ambalo mwenyekiti hafanyi isipokuwa akiwa na mawazo. Scholastika akakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa. Alikuwa na hotuba nzima kichwani, nusu yake kali. Mzee akamwahi.

"Nilitaka tu watu waone, Scholastika. Watu wanatoa, wanatoa, hawaoni."

Hasira zake zikayeyuka. "Waliona, Mzee. Vigelegele ulivisikia mwenyewe. Sasa mimi ndiye sioni." Akatoa miwani yote miwili kwenye pochi, akaiweka juu ya ungo wa maharage. Ndipo kwa mara ya kwanza akamsimulia Moloimet na mke wake wa karatasi, na vijana wa Arusha, na kurasa zilizobaki. Mzee alisikiliza akiwa ameshika ile miwani, anaigeuza.

"Nitainadi mwenyewe," akasema mwishowe.

Na alifanya hivyo. Jumapili iliyofuata alimpokonya katekista nafasi, akaiinua kadi juu kama siku ile, na akasema mbele ya watu wote kwamba mwenyekiti wao alinunua kitu kikubwa kuliko kasha la kukitia, aliambiwa na hakusikia. Watu waliguna, kisha wakacheka, kisha wakaanza kutaja bei. Wa kwanza alitoa bei ya kuku. Wa pili bei ya kuku na mayai. Mzee akawa anatokwa jasho.

"Natoa kioo," ikasema sauti nyuma. Alikuwa Eliapenda, gauni la ibada ya kwao bado mwilini. "Kioo, waya, na kazi ya kufunga. Nina kijana wa video Mto wa Mbu ananisumbua kila siku kwa kadi kama hiyo."

"Kioo kipya!" Mzee akanguruma.

"Kipya, Mzee. Boksi halijafunguliwa. Mtafungua nyinyi mbele ya altare, si ndiyo mila yenu?"

Vigelegele vya siku ile vilikuwa vikubwa kuliko vya kwanza. Mlutheri akaondoka na kadi iliyonyunyiziwa maji ya baraka, anasema itafanya kazi mara mbili.

Kufunga hakukuchukua hata muda wa chai kuiva. Eliapenda akachomeka waya kwenye lile tundu lililolala, akaiambia mashine kioo kipi kiwe kushoto, vioo viwili vikawaka. Kushoto ukurasa wa zamani, mwandiko umekuzwa kila herufi kama punje ya mahindi. Kulia fomu. Scholastika akavaa miwani moja. Ile nyingine akaitia kwenye pochi, akafunga zipu.

Jamani, alivyochapa! Wiki tatu alikwenda bila kuteleza, na zilipobaki siku chache akageuka nyuma kuhakiki kurasa alizoziingiza mwanzoni, tangu Machi, wakati wa vua hii, vaa ile. Kushoto anahesabu mistari, kulia anahesabu. Alikuta makosa manane, akayarekebisha, na kila kosa alilisikitikia kama mtu.

Ijumaa kabla ya Kristo Mfalme, saa nne asubuhi, Padre Vedasto alikuja akasimama nyuma ya kiti na barua ya jimbo mkononi. "Mama, niwaandikie tumemaliza?"

"Ukurasa mmoja tu, Baba."

Kushoto mistari thelathini. Kulia ishirini na tisa. Akahesabu tena kwa kidole. Akashuka polepole, jina kwa jina, vioo viwili bega kwa bega, mpaka mstari wa kumi na tisa. Upande wa kushoto, wino wa bluu: Raphaeli, mwana wa Scholastika, amebatizwa na muuguzi katika hatari ya kufa. Pembeni msalaba mdogo na tarehe. Upande wa kulia hakuwapo.

Akaikumbuka siku ile ya Machi. Alikuwa amefika kwenye mstari huo akavua miwani, si kwa kubadilisha, bali kwa kufuta macho. Alipoivaa nyingine akaendelea na jina la chini. Miezi yote alikuwa akiwaogopa vijana wa Arusha wasiomjua mtoto wake wasije wakamruka. Aliyemruka ni mama yake, kwa sababu alimjua.

Alilia, naam, mbele ya Paroko, bila kujificha. Padre Vedasto alisoma kioo cha kushoto, akaelewa, akaweka mkono juu ya mgongo wa kiti.

"Nisamehe, mwanangu," Scholastika akasema. Akafungua mstari mpya kati ya kumi na nane na kumi na tisa, akaandika jina, akaandika siku tisa zake zote, akalinganisha na kushoto herufi kwa herufi.

"Andika barua, Baba," akasema. "Sasa wamo wote."